Gauni la Kompyuta ya Dada

Upepo wa Same hauna adabu. Unatoka tambarare, unabeba vumbi na kuliingiza kila mahali: kwenye chumvi, masikioni, hata ndani ya saa ya mkononi. Tangu nilipoondoka nimeishi kwenye miji mingi yenye vumbi, lakini ninalolitamani ni lile. Ni ajabu kulisema hilo, maana miaka niliyokuwa pale nililitukana kila siku.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na macho yangu yalikuwa kwenye mabasi yanayopita. Dada yangu alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na stendi. Mlango ulitazama barabara ya lami, dirisha la nyuma likatazama milima. Humo alifungua ofisi ya uchapaji na mimi nikawa msaidizi wake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamefungwa au yanatafutiwa wanunuzi, treni ya abiria ilisubiriwa kwa imani, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Mitumba ilianza na nguo, zikafuata baiskeli, halafu redio, na mwisho zikaja kompyuta. Ya dada ilikuwa mojawapo. Ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na ilipowaka ilikohoa kidogo kabla ya kuanza kazi. Nasi tuliipenda.

Kwa dada haikuwa mashine tu. Alikuwa ametoka kwenye ndoa Makanya. Yaliyomtoa huko ni yake na sitayasimulia. Wapare tunajulikana kwa kupenda mashauri, na shauri lake lilikaa Myamba, nyumbani kwa mama, kuanzia chai ya asubuhi mpaka kuku wakaingia bandani. Mwishowe wazee wa pande zote mbili walikubaliana: maadamu kazi yake ya mjini inaendelea, hakuna atakayemsukuma. Siku kazi itakaposimama, atarudi kwa mumewe. Mama alisimama mbele ya wote akasema yeye ndiye mdhamini wa neno hilo.

Baada ya shauri hilo mama alishuka mjini na kamba. Aliipima kompyuta juu, ubavuni na mgongoni, akafunga fundo kila mahali pa kukumbuka, akaikunja kamba na kupanda nayo basi la mlimani. Masika yote alifuma. Aliporudi alileta magauni mawili ya uzi mweupe yenye maua ya kijani pembeni, moja la kioo na moja la lile boksi la chuma ambalo sote tuliliita sipiyu. Gauni la sipiyu lilikuwa kazi kubwa. Ndani alikuwa amelishonea kitambaa kizito cha pamba ili vumbi lisipenye. Nyuma lilishuka mpaka mezani, likabana kwa riboni nne, na nyaya zikapita kwenye tundu dogo. Mbele lilikuwa na pazia la kufunua, tuone vitufe.

"Sasa amevaa," mama alisema. "Mtu akiingia ataona hapa pana mwenyewe."

Kweli watu waliingia. Waliokuja sokoni kutoka Myamba na Mamba walipita kwanza kwetu kulitazama gauni. "Kumbe ndilo hili!" walisema, wakalishika ukingo wake. Jioni habari ilipanda na basi: gauni lipo, binti yupo, kazi inaendelea. Hakuna aliyeona ajabu mashine kufanya kazi ikiwa imevaa. Nyumbani kwetu redio ilivaa kitambaa tangu sijazaliwa, na taarifa za habari zilisikika humo vizuri tu.

Jumanne moja ya kiangazi, saa nane mchana, kompyuta ikazimika yenyewe. Dada alikuwa katikati ya mtihani wa Jiografia. Shule moja ya sekondari ya mlimani ilikuwa imempa mitihani yote ya majaribio ya kidato cha nne aichape na kuitoa kwenye stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, na gari la shule lingepita kuichukua Jumatatu asubuhi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Umeme," dada alisema.

Lakini taa ilikuwa inawaka. Tuliiwasha tena, ikakaa nusu saa, ikazimika. Tukaiwasha tena, ikakaa robo saa. Kisha feni ikazunguka, vikasikika vilio vifupi vya ndani, na kioo kikabaki cheusi. Asubuhi ya Jumatano iliwaka kama mtu aliyelala vizuri, ikafanya kazi mpaka jua lilipopanda, ikafa tena. Tulisema umeme wa asubuhi una nguvu kuliko wa mchana. Tuliazima stabilaiza kwa mwenye duka la jirani. Tukahamisha meza. Dada hata alichapa akiwa amesimama, sijui kwa nini, labda aliona kukaa ni uzembe.

Alhamisi tulimwita fundi redio wa sokoni. Alikuwa Muha. Baba yake alikuja kukata mkonge, shamba lilipofungwa yeye akashika bisibisi. Utani wake ulikuwa haukomi, na kwa kuwa alijua amezaliwa huku kama sisi, hakumwogopa mtu.

"Una kifutio?" aliniuliza.

"Cha penseli?"

"Cha penseli, cha watoto wa darasa la pili. Usiniletee kile cha bluu, kinakwaruza."

Alilivua gauni akaniwekea mikononi. Akafungua sipiyu, akapuliza, na vumbi likatoka wingu zima.

"Ee! Ninyi Wapare kweli hamtoi kitu bure. Hata vumbi mmeliweka akiba!"

"Nanyi wa mkonge mnakata kila kilicho mbele," dada akamjibu. "Angalia usinikatie waya."

Fundi akacheka. Alichomoa kibao chembamba cha kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio mpaka yakang'aa, akakirudisha. Kompyuta ikawaka. Akakaa nayo wazi hivyo hivyo, ubavu umefunguliwa, anakula makande na kutusimulia habari za sokoni, na kwa saa mbili dada alichapa bila kukatizwa. Tukamshukuru kama daktari. Alipoondoka dada alifunga ubavu, akaivalisha sipiyu gauni lake, akafunga riboni nyuma.

Haikumaliza saa moja, ikazimika.

Nilipolivua tena gauni nililigeuza ndani nje. Sehemu ya nyuma, pale feni inapopumulia, kitambaa cha pamba kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi, na weupe wake ulikuwa umegeuka njano. Nikasimama nalo. Nikakumbuka kwamba fundi alipoifungua ilipona, na kwamba huwezi kuifungua bila kwanza kuivua. Nikamtazama dada.

"Usiseme," akaniambia.

"Sijasema."

"Najua unachotaka kusema. Mdogo wangu, nakuomba, usiseme."

Kwa hiyo alijua naye, au alianza kujua. Tungeweza kulivua kimyakimya, lakini kila siku kulikuwa na mtu wa Myamba anayechungulia mlangoni, na jioni ile ile mama angesikia kwamba kazi yake ya masika yote imetupwa pembeni. Kwetu zawadi ya mama haivuliwi na mkono wa mtoto. Tena gauni lile lilikuwa kama sahihi yake kwenye udhamini. Na nikiri, moyoni tulijidanganya pia: mbona redio haikuwahi kufa? Basi tukasema ni kile kibao. Nikatafuta kifutio.

Ijumaa tulisugua mpaka kifutio kikaisha. Kwa hofu, dada alianza kuihifadhi kila karatasi aliyomaliza kwenye disketi, ile ya mraba mweusi, ili kompyuta ikifa isife na mitihani. Alasiri ikafa. Safari hii tulipoiwasha haikulia. Kioo cheusi kilitoa mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza, ukisema hakuna mfumo wa kuwashia. Fundi alipita akiwa njiani kwenda kwake, akausoma mara mbili, akavua kofia.

"Dada, hapa mimi nimefika mwisho wangu. Diski ya ndani imekufa. Hii ni ya Moshi."

"Moshi lini? Kesho ni Sabato."

Jua lilikuwa linashuka, na sisi ni watu wa Sabato. Likizama hatugusi kazi mpaka lizame tena. Dada alichomoa waya ukutani, akalifunika boksi, akalifunga riboni polepole, kama anayemvalisha marehemu. Jumamosi tulikaa kanisani benchi moja. Sikumbuki mahubiri hata neno. Nakumbuka vidole vyake, vilikuwa vinachapa juu ya goti.

Fundi hakuwa mtu wa maneno mabaya, lakini alikuwa mtu wa stendi, na habari haikukaa kwake. Jumamosi jioni ujumbe ulitufikia kutoka Makanya kwa mdomo wa utingo: wazee wa upande wa shemeji wamesikia kazi imesimama, watakuja kesho saa sita. Mama alikuwa amesikia pia. Angeshuka na basi la kwanza.

Jumapili alfajiri nilikwenda ofisini peke yangu. Sikuwa na mpango, nilitaka tu niwe pale kabla yao. Nikaiwasha, na ule mstari mweupe ukatoka. Nikakaa nautazama. Nikapapasa mbele ya boksi bila sababu, nikabonyeza kitufe cha mahali pa disketi, na disketi ikaruka ikaniangukia mapajani.

Ilikuwa imesahaulika humo tangu Ijumaa. Kompyuta ilikuwa inatafuta pa kuanzia kwenye disketi, inakosa, inalalamika. Nikaiwasha upya. Ikakohoa, ikawaka, na mitihani yote ikawa pale pale. Nilicheka hadi nikatokwa na machozi, kisha nikakimbia kumwamsha dada. Alikuja na kanga tu mabegani. Alifunua pazia la mbele la gauni, akaanza kuchapa.

Mama alifika saa tatu na kikapu cha tangawizi mbichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nimeambiwa amekufa. Mbona namsikia anapumua?"

"Ilipumzika Sabato," nikasema.

"Basi imewazidi wengi imani," mama akajibu, akaketi, akapewa chai.

Hakuwa amefika nusu ya kikombe. Dada alitoa sauti ndogo, kama aliyejikata na kisu. Kioo kilikuwa cheusi. Zilikuwa zimebaki karatasi tatu za Hesabu na saa mbili na nusu kabla ya wazee. Dada hakulia. Aliweka mikono mapajani, akaitazama milima dirishani, na nikajua anahesabu vitu vyake vya kubeba.

Mama aliweka kikombe chini. Alikwenda mezani, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya gauni, juu, kisha ubavuni, kisha nyuma. Hapo nyuma mkono ulikaa.

"Huyu ana homa," alisema.

Akatutazama sote wawili.

"Mtoto wenu wa chuma anaungua, nanyi mmemfunika? Ulipokuwa mchanga," akanigeukia, "nilikupeleka kliniki una homa, umeviringishwa blanketi mbili. Nesi alinikaripia mbele ya wanawake wote: 'Mvue, atakufia!' Nimelikumbuka hilo mpaka leo." Akaanza kufungua riboni. Alizifungua mwenyewe, zote nne, akalivua gauni, akaligeuza, akaona ile njano. Akaitazama muda mrefu.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na ukanyamaza kwa ajili ya uzi." Aliongea polepole, bila hasira, na ndiyo maana bado nasikia. "Mimi nilimfumia ili abaki. Wewe ukanyamaza ili aondoke. Haya, chukueni bisibisi."

Tulifungua ubavu. Nikapepea kwa jalada la daftari. Feni iliyokuwa nyuma ya boksi, ambayo kwa miezi ilipumulia kitambaa, sasa ilinipumulia usoni, hewa ya moto, kisha ya vuguvugu. Tuliiwasha. Ikawaka. Dada akachapa Hesabu, zile alama zake zote ngumu, na mama akaketi kwenye kigoda karibu na sipiyu, gauni mapajani. Alitafuta ncha ya uzi, akaing'ata, akavuta. Akaanza kulifumua.

"Mama, acha," dada akasema.

"Chapa wewe."

Alivuta, akaviringa. Maua ya kijani yalitoka kwanza, kisha weupe, mstari kwa mstari, masika yake yote yakirudi nyuma. Donge likawa kama yai, likawa kama chungwa. Kila lilipoongezeka niliitazama kompyuta, nayo ilikuwa hai.

Wazee watatu waliingia saa sita kamili, vumbi la Makanya viatuni. Dada aliinuka akawasalimu kwa kuinama, kama inavyopasa, akawapa benchi. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaweka stensili kwenye printa, akabonyeza. Printa ile ilikuwa ya utepe, na kelele yake ilikuwa kama bati linalokatwa kwa msumeno.

Mkubwa wao alisubiri inyamaze. Haikunyamaza.

"Mama mkwe," alipaza sauti, "tulisikia kwamba..."

"Ngoja amalize karatasi," mama alisema, bila kuacha kuviringa.

Karatasi ikaisha, dada akaweka nyingine. Mzee alijaribu tena, printa ikamkatiza. Yule wa tatu, aliyekuwa kijana kidogo, akaanza kucheka chinichini, akajifanya anakohoa.

"Nyingi?" mkubwa akamuuliza dada.

"Za kutoa zimebaki kumi na moja, baba. Na Jumatano kuna shule nyingine."

Alidanganya. Hakukuwa na shule nyingine. Ilikuja baadaye, wiki mbili mbele, lakini siku ile haikuwepo. Mama alilitazama donge lake, mimi nikatazama sakafu. Mzee alitazama ile mashine iliyofunguliwa ubavu, feni inaunguruma, vumbi linacheza kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Na lile gauni tulilosikia liko wapi?"

"Ndilo hili," mama akasema, akainua donge. "Alikuwa amevaa sana. Kazi inataka wepesi."

Wakala makande, wakaongea habari za mvua, wakaondoka na basi la alasiri. Hawakurudi tena kwa shauri hilo. Jumatatu gari la shule lilichukua mitihani yote.

Dada alibaki Same. Mimi niliondoka mwezi huo huo, kwa sababu sasa angeweza kuwa peke yake, na kwa sababu mabasi yalikuwa yanapita. Nimechimba Mererani, nimeuza simu Kahama, nimekaa Tunduma, nimekaa miji ambayo nikiitaja dada huniuliza iko mkoa gani. Mara nyingi nimejilisha kwa kutengeneza kompyuta za watu. Kabla ya bisibisi huweka kwanza mgongo wa mkono. Wateja hudhani ni mbwembwe.

Donge la uzi mama alirudi nalo Myamba. Simu za mkononi zilipofika mlimani, kila nilipompigia aliniuliza swali moja kabla ya kuagana.

"Kitanda chako kina upana gani?"

"Ya nini, mama?"

"Nataka kukufumia shuka la juu. Pima kwa kamba, funga fundo, mpe mtu anayekuja huku."

"Hiki cha kupanga, mama. Nitahama. Nikitulia nitakupimia."

"Haya. Ukitulia."

Vitanda vilikuwa vingi. Kimoja kilikuwa cha chuma, kimoja cha mbao za masanduku, mwaka mmoja lilikuwa godoro tu sakafuni. Niliona haya kupima vitu ambavyo ningeviacha baada ya miezi. Mama alifariki wakati wa masika nikiwa mbali, barabara ya huko nilikokuwa imekatika, na nilifika siku ya tatu baada ya maziko. Kikapu chake kilikuwa chini ya dirisha. Donge lilikuwemo, sindano ya kufumia imechomekwa katikati, na uzi umeanzwa: mstari mmoja tu, mrefu, umesimama. Dada alisema mama aliufuma huo mmoja kwa kukisia, kisha akasema hawezi kuendelea bila kipimo.

Dada ana mashine nne sasa, nyembamba, hazikohoi. Hakuna hata moja iliyovaa. Chumba ni kile kile, na kila akinipigia nasikia nyuma ya sauti yake upepo ukigonga bati, nami hunyamaza ili niusikie vizuri. Hudhani simu imekatika.

Wiki iliyopita nilikata kamba, nikapima kitanda ninacholalia, urefu na upana, nikafunga mafundo mawili. Nikampigia dada nikamwambia nina kamba, nimtafute dereva gani wa kumpa.

"Ya nini sasa?" aliuliza. "Nani atafuma?"

"Sijui. Nimepima tu."

Nikausikia ule upepo.

"Usimpe dereva," akasema. "Ilete mwenyewe."